Nyumba Zilibomoka, Serikali Ikajenga

Hebu soma sentensi hizi mbili. Ya kwanza: nyumba zilibomoka kufuatia mvua kubwa. Ya pili: serikali ikajenga nyumba mpya. Sijazinukuu kutoka kwa mtu fulani. Ni fomula, na mimi ninayefanya kazi ya habari hapa Singida naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda sokoni. Fungua taarifa ya maafa ya mwaka wowote, Kagera, Hanang, Rufiji, utaikuta. Majina ya vijiji yanabadilika, idadi ya marehemu inabadilika, ila vitenzi ni vilevile.

Makala hii inahusu vitenzi hivyo. Kampeni za uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 zilipoanza, swali walilokuwa wakiulizana wachambuzi lilikuwa kama mafuriko na maporomoko ya miaka miwili iliyotangulia yataathiri kura. Wanasiasa walilijibu kwa namba. Mimi nadhani sisi wa fasihi tuna jibu letu, maana maafa hayafiki kwenye sanduku la kura yakiwa maji au tope. Yanafika yakiwa simulizi. Na kila simulizi ina mtenda, au imemficha.

Turudi darasani kidogo. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, ile ya kiambishi -k-: bomoka, poromoka, haribika, katika. Kinayo pia kauli ya kutendwa: bomolewa, haribiwa, katwa. Tofauti yake kila msemaji anaijua hata kama hajawahi kusoma sarufi. Ukiniambia nyumba imebomolewa, nitakuuliza papo hapo, na nani? Ukiniambia imebomoka, sina cha kuuliza. Nitasema pole. Kauli ya kutendeka inamtoa mtenda nje ya sentensi na kufunga mlango.

Sasa angalia sentensi ya pili. Serikali imejenga, Rais ametoa, Mheshimiwa ameguswa, chama kimefika. Hapo mtenda amerudi, tena ana cheo, jina na picha. Yaani katika habari moja hasara haina mwenyewe ila msaada unaye. Mpigakura anapewa mtu wa kumshukuru na hapewi mtu wa kumuuliza. Kama unatafuta mahali ambapo maafa yanageuka kuwa mtaji wa kampeni, usihangaike na takwimu. Ni hapo, kati ya kitenzi cha kwanza na cha pili.

Nichukue matini mbili za karibu.

Tetemeko la Kagera lilipiga Septemba 10, 2016, Jumamosi mchana. Lilikuwa na ukubwa wa 5.9, likaua watu zaidi ya kumi na watano na kuacha maelfu bila nyumba. Haikuwa hata mwaka tangu uchaguzi wa 2015, na uliofuata ulikuwa mbali. Rais John Magufuli alifika Bukoba Januari 2, 2017, karibu miezi minne baadaye. Hotuba yake bado inazungumzwa. Kwa ufupi aliwaambia watu kwamba serikali haikuleta tetemeko, na kwamba haitamjengea kila mtu nyumba. Itarudisha shule, hospitali na barabara. Nyumba za watu, kila mmoja ashike jembe lake.

Wengi waliisikia kama hotuba katili, na siwezi kumlaumu aliyeisikia akiwa amekaa chini ya turubai. Ila ukiisoma kama matini, kuna kitu ndani yake. Ni hotuba chache sana za maafa nchini ambazo zimelitaja swali la mtenda waziwazi. Magufuli alilitaja ili alikatae: si mimi niliyeleta, na si mimi nitakayejenga. Ni hotuba yenye ulinganifu wa kutisha, imekataa lawama na imekataa shukrani kwa pumzi moja. Inafaa kufundishwa, hata kama kwa kuonya.

Matini ya pili ni ya jirani zetu. Mlima Hanang, ambao siku ya anga safi tunauona kutoka huku kwetu, uliporomosha tope, mawe na magogo asubuhi ya Jumapili Desemba 3, 2023. Katesh, mji ambao kila mtu wa Singida anaupita akienda Babati au Arusha, ulizikwa sehemu. Watu 89 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, COP28. Alikatisha safari, na Desemba 7 alikuwa Katesh. Serikali ikaahidi nyumba, na nyumba zikajengwa kweli, zaidi ya mia moja, eneo la Waret. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27, 2024, chini ya mwaka mmoja mbele, na uchaguzi mkuu ulikuwa unafuata.

Sisemi kalenda ndiyo iliyojenga nyumba za Waret. Viongozi wawili wana hulka mbili, na kilichofanyika Katesh ndicho kilichopaswa kufanyika. Mtu aliyepata paa hajali sarufi, na ana haki ya kutojali. Ninachosema ni kwamba kama matini, Hanang ni Kagera iliyohaririwa. Ule mkato wa "si mimi nitakayejenga" umetolewa, ukawekwa mtenda mwenye huruma. Mkato wa kwanza, kuhusu nani alaumiwe, umeachwa ulivyokuwa. Mlima umeporomoka. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, na hilo ni kweli. Lakini tope lilifuata njia za maji, na kwenye njia hizo za maji kulikuwa na nyumba, maduka na soko. Nani alipima viwanja pale? Nani alitoa kibali? Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatabiri mvua za El Nino miezi kadhaa kabla. Utabiri ule, kutoka Dar es Salaam mpaka mwenyekiti wa kitongoji chini ya mlima, ulipita mikono ya nani, na uliishia mkono upi? Sisemi kuna mwovu aliyejificha. Nasema kuna sentensi nzima ambazo hazijaandikwa.

Wapo watakaonipinga kwamba nawabebesha viongozi mambo ya Mungu. Kazi ya Mungu haina makosa, watasema, na ajali haina kinga. Misemo hii naiheshimu mahali pake, na mahali pake ni msibani. Mama aliyempoteza mtoto kwenye tope anaposema nyumba ilibomoka, kile kiambishi -k- ni huruma. Kinamruhusu alie bila kutafuta adui. Tatizo ni pale jukwaa la kampeni linapoazima lugha ya msiba. Mfiwa anaondoa mtenda ili apumue. Mgombea anamwondoa ili asiulizwe.

Na mara chache mtenda anapotajwa, angalia ni nani. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri watu kama laki mbili. Akataja pia sababu: ukataji miti, kilimo kisicho endelevu, uharibifu wa mazingira. Si uongo. Ila kwenye lugha yetu ya ofisi haya huitwa "shughuli za kibinadamu", na binadamu huyo, ukimfuatilia, ni yule yule aliyebomokewa. Ni mkata mkaa, ni mchungaji, ni "wakazi wa mabondeni". Jangwani baada ya mafuriko ya Desemba 2011 ilikuwa hivyo hivyo: aliyekaa bondeni alionekana kama aliyefanya kosa, akahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo fomula yetu kamili ina watu watatu. Mungu ameleta, mwananchi amesababisha, serikali imesaidia. Hakuna nafasi ya nne.

Hapa kwetu kulikuwa na simulizi tofauti kabisa, na si ya zamani sana. Waihanzu wa kaskazini mwa mkoa huu, Mkalama ya leo, walikuwa na watemi ambao utemi wao ulikuwa mvua. Mwanaanthropolojia Todd Sanders ameandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka 2008, na anaeleza jinsi mamlaka ile ilivyoshikwa na mwanamume na mwanamke pamoja, kwa sababu mvua yenyewe ilihesabiwa kuwa na ya kiume na ya kike. Utemi ulifutwa kisheria muda mfupi baada ya uhuru, lakini imani haikufutwa kwa kalamu. Fikiria maana yake kisiasa. Mtemi wa mvua hawezi kusimama mbele ya watu mwaka wa ukame akasema, si mimi niliyezuia mvua. Kama si wewe, wewe ni nani basi? Ukame ulikuwa kama hoja ya kutokuwa na imani, bila Bunge.

Sitaki kuupamba utemi ule. Nao ulikuwa na mlango wa nyuma: mvua isipokuja, iliwezekana kusema kuna wachawi wameifunga, na lawama ikashuka kutoka Kirumi kwa wakubwa hadi kwa jirani asiye na mtetezi. Mnaona? "Shughuli za kibinadamu" si uvumbuzi wa ofisi za leo. Hata hivyo, swali la kwanza katika simulizi ile lilikuwa ni kwa kiongozi. Sisi tumelifanya liwe swali la aibu.

Tena nizungumzie ukame, maana ndio maafa yetu hasa. Singida mlima hauporomoki. Singida mvua inakata mwezi wa pili, uwele unakauka, alizeti inatoa kichwa kidogo, na mwezi wa tisa watu wanauza mbuzi kwa bei ya hasara wanunue mahindi. Hakuna picha ya helikopta. Hakuna Jumapili asubuhi ambayo mtangazaji atasema ndiyo siku yenyewe. Maafa ya polepole hayana tukio, na kisicho na tukio jukwaa halikioni, mpaka gari la mahindi ya bei nafuu lifike. Hapo tena kitenzi cha pili: serikali imeleta.

Watu wanaosoma siasa wamelipima jambo hili kwa namna yao. Wamarekani wawili, Andrew Healy na Neil Malhotra, walichapisha utafiti mwaka 2009 wakionyesha kwamba wapigakura wa kwao hukizawadia chama cha rais kwa fedha za msaada baada ya maafa, ila hawakizawadii kwa fedha za kujiandaa kabla, ingawa dola 1 ya kujiandaa walikadiria inaokoa dola kama 15 za hasara baadaye. Wao wanaliita tatizo la wapigakura wasioona mbali. Mimi kama msomaji wa hadithi naliona tatizo la usimulizi. Daraja lililosimama halina habari. Mafuriko yasiyotokea hayana mhusika mkuu, hayana machozi, hayana utepe wa kukata. Utayasimuliaje?

Na bado maafa yanaweza kupindua uchaguzi. Novemba 12, 1970 kimbunga cha Bhola kilipiga Pakistani Mashariki na kuua watu wanaokadiriwa kati ya laki tatu na laki tano. Uchaguzi ulifanyika Desemba 7, chini ya mwezi mmoja baadaye. Awami League ya Sheikh Mujibur Rahman ikachukua viti 160 kati ya 162 vya majimbo ya upande ule, na mwaka uliofuata, baada ya vita, ikazaliwa Bangladeshi. Si kimbunga peke yake. Watu walikuwa na malalamiko ya miaka mingi dhidi ya watawala wa magharibi. Ila kimbunga kilikutana na msemaji aliyekuwa na sentensi tayari, yenye mtenda: hawa walioko mbali wametuacha tufe. Maji yalikuwa ya Mungu. Kuachwa hakukuwa kwa Mungu.

Kwa hiyo ili maafa yaingie kwenye kura yanahitaji vitu viwili, msemaji wa kumtaja mtenda na karatasi ya kura yenye majina zaidi ya moja. Hapa ndipo ninapokuwa mzito. Katika uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji. Mwaka 2025 Chadema haikuwemo kwenye uchaguzi, na mwenyekiti wake Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi hapa hapa Singida, alikuwa mahakamani kwa kesi ya uhaini. Ungeniuliza basi kama Hanang ingeathiri uchaguzi ule, ningekujibu kwamba ingeathiri hotuba. Ingetajwa majukwaani kama ushahidi wa upendo. Swali la viwanja na vibali lisingepata wa kuliuliza kwa sauti.

Ndiyo maana nageukia fasihi, si kwa sababu ni tamu, bali kwa sababu kwa sasa ndiyo nafasi iliyobaki ya kuuliza. Na fasihi ya Kiswahili iliwahi kuijua kazi hii vizuri. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, 1969, aliifungua kwa njaa. Angeweza kuiacha njaa ile iwe ya mvua. Hakufanya hivyo. Wanaume wako kwenye shamba la pamba la Mzungu, mashamba ya nyumbani hayana mikono, kwa hiyo watu hawali. Tangu mwanzo njaa ina mtenda, na kila kinachofuata, pamoja na ile ahadi ya maji, kinatoka hapo. Tena Hussein hakumsamehe hata mtoa matumaini: neno linamzidi aliyelizaa, likaenda kuua watu. Mwandishi wa hotuba za kampeni angefaidika sana na tamthilia hiyo.

Shaaban Robert katika Kusadikika, 1951, aliandika habari ya wajumbe waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatupwa jela. Wengi tumefundishwa kuisoma kama kitabu juu ya ukoloni na sheria, sawa. Isome leo kama kitabu juu ya utabiri. Mjumbe amekuja na habari ambayo ingewaokoa wenyewe, na nchi imemfanya yeye ndiye kosa. Na Said Ahmed Mohamed katika Amezidi, 1995, kwa ule ubwege wake, alituonyesha Ame na Zidi, viumbe waliofanya kupokea kuwa maisha. Hapo kuna msaada uliogeuka kuwa utawala.

Kwa hiyo zana tunazo. Kinachonishangaza ni ukimya wa sasa. Mafuriko yetu yamezaa mashairi mengi ya rambirambi mtandaoni na nyimbo nyingi za pole, na karibu zote ziko kwenye kauli ya kutendeka. Ewe mlima umetuumiza, ewe mvua umetuliza. Mshairi anamlaumu mlima! Mlima umesimama hapo kabla ya Wairaqw, kabla ya Wabarbaig, kabla ya halmashauri. Baada ya tetemeko la Lisbon la 1755 Voltaire aliandika shairi la kuuliza Mungu yuko wapi, na Rousseau akamjibu kwa barua mwaka uliofuata kwamba asili haikujenga pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita na saba. Jibu lile ni la zaidi ya miaka 260, na washairi wetu wengi bado hawajalipita.

Nina pendekezo dogo kwa mwezi wowote wa majukwaa. Mgombea yeyote atakapotaja maafa, wa chama chochote, chukua kila kitenzi chenye -k- ukigeuze kiwe cha kutendwa. Daraja limekatika, daraja limekatwa na nini, lilijengwa na nani, lilikaguliwa lini? Mara nyingine jibu litakuwa ni mvua tu, na tutakubali. Mara nyingine sentensi itagoma kugeuka, na hapo pana habari. Zoezi hili halihitaji chama wala kibali cha polisi.

Na kwa waandishi wenzangu wanaotaka kuandika Katesh: najua kila mtu ataanza na Jumapili, ngurumo, watu wakidhani ni lori. Riwaya ninayoitaka mimi inaanza Jumamosi, Desemba 2. Soko limejaa, mtu anapimiwa kiwanja kando ya korongo, redioni mtangazaji anasoma utabiri, na fundi anamwambia mwenye nyumba kwamba msingi unatosha.